Duka la Kijani Baada ya Kathonzweni

Nilistaafu hapo ofisini mwezi uliopita na tayari habari zimenifikia kwamba kabati la ramani mmelisogeza kwenye ukuta wenye unyevu. Haya. Ramani ni zenu sasa. Lakini siku mliyokuja nyumbani na keki na blanketi mlinitaka niwaandikie kazi ilivyokuwa, nami nikaitikia kabla sijafikiri, kwa hiyo naandika. Mkitafuta nilipandishwa cheo lini au nilikuwa nikilipwa nini, hamtayapata humu; hayatawasaidia, na mengine yatanipandisha presha bure. Nitawaandikia tulivyokuwa tukipanga njia, na siku niliyokaribia kuua watu watatu kwa kalamu.

Mimi ni mtoto wa Machakos mjini, nyuma ya msikiti. Babu alipanda huku kutoka pwani akifuata biashara, akaoa, akabaki. Nyumbani tulisema Kiswahili, sokoni Kikamba, na shuleni tulichapwa kwa vyote viwili. Niliingia ofisi ile ya safari mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimeajiriwa kupiga taipu. Kilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, na ua wa nyuma wenye magari matano ya kukodisha. Meza ya pili ilikuwa ya Mzee Mutisya. Alikuwa ameizunguka nchi hii miaka mingi akiendesha malori mpaka magoti yake yakakataa, na sasa ndiye aliyewapangia wateja njia.

Siku ya kwanza hakunipa hata karatasi moja ya kupiga. Aliniambia nimweleze njia ya kutoka kwetu mpaka ofisini, yeye atafumba macho anifuate kichwani. Nikaanza kwa mbwembwe: unatoka kwetu, unapita kwa Salim, unapinda penye mama wa maandazi. Akafumbua macho. Akauliza, Salim akifa je? Nikamwambia Salim ni mzima kabisa. Akauliza tena, na mama wa maandazi akiugua leo asije, yeye aende moja kwa moja mpaka Kitui? Nilikasirika, maana nilikuja kupiga taipu, sikuja kuulizwa habari za vifo. Nilijaribu mara saba siku ile. Ilipofika jioni ndipo nilipomfikisha ofisini, kwa kuhesabu hatua, kwa mfereji na kwa ukuta wa mawe, bila mtu hata mmoja njiani.

Nyinyi mna simu zinazowaambia pinda hapa, pinda pale, na zikikosea mnazitukana. Sisi tulikuwa na karatasi ya njia. Safu ya kwanza ilikuwa ya kilomita, kama mita ya gari inavyosoma tangu mlipoondoka. Safu ya pili ilikuwa ya alama: daraja, mlima, kanisa la mawe, reli. Safu ya tatu, la kufanya. Dereva hakuisoma. Aliyekaa naye ndiye aliyesoma kwa sauti, dereva akafuata. Kwa hiyo kila mstari ulitakiwa useme jambo moja tu, kwa maneno ambayo mtu mwenye njaa, aliyegombana na mumewe, ataelewa. Hilo la kugombana Mzee alilitilia mkazo sana. Alisema hajawahi kuona mke na mume wakapita Emali wakiwa bado wanaongea vizuri.

Na ukutani juu ya meza yake alikuwa amebandika sheria moja kwa mwandiko wake mwenyewe: usiandike kitu kinachoweza kuhama, kufa, kuuzwa au kupakwa rangi. Kuna mtu kabla yangu alikuwa ameandika "pinda kulia penye punda." Huyo hakudumu kazini.

Njia aliyoipenda kuliko zote ilikuwa bado haijakamilika nilipomkuta. Watu wengi wanaotoka Machakos kwenda Mombasa huteremka mpaka barabara kuu, huingia nyuma ya lori, na hulitazama lori hilo mpaka Mariakani. Jambo hilo lilimuudhi kama vile amefanyiwa yeye binafsi. Alisema hii ni miji miwili mikongwe. Machakos ilikuwa na ofisi ya serikali wakati Nairobi ni matope na vyura, na Mombasa ilikuwa mji wa watu karne nyingi kabla ya hapo. Misafara ilitembea kwa miguu kati ya mji huu na ule. Basi mtu anayekwenda leo kwa gari, ameketi, amekula, akose hata kuiona nchi? Akaanza kupanga njia ya juu: Katumani, Kola, Mukuyuni, Wote, Kathonzweni, kisha kuteremka mpaka Makindu kushika lami, na kutoka hapo Voi, mpaka Mji wa Kale wa Mombasa. Siku mbili, kwa mwendo wa watu wenye adabu.

Kazi niliijifunza kwenye njia ile. Nilijifunza kwamba ukitoka Machakos mapema jua linakuingia machoni, kwa hiyo chai unaiweka Mukuyuni ili lipande kidogo. Nilijifunza kuuliza choo kabla ya kuuliza mandhari. Nilijifunza kwamba kila kitu kizuri cha kutazama kiwekwe upande wa abiria, maana dereva akianza kutazama milima mtaitazama wote kutoka mtaroni. Mzee alipima kila daraja mara tatu, siku tatu tofauti, na namba zikipishana hata kidogo alirudi mara ya nne. Nilikuwa nikinung'unika. Ofisi nyingine zilikuwa zikiwapa wateja ramani ya bure ya kituo cha mafuta na kuwatakia heri.

Halafu macho yake yakaanza kuzimika. Mwanzoni alisema ni taa za ofisi. Akabadilisha taa, akabadilisha miwani, akabadilisha na kiti, na mwishowe daktari akamwambia lile ambalo sote tulikuwa tunalijua. Aliondoka ofisini akiwa anaona mwanga na vivuli tu. Njia yake ilikuwa imebakiza kipande kimoja, kati ya Kathonzweni na Makindu. Pale alitaka watu waache barabara kubwa ya murram, ile ya changarawe, wapande mgongo mmoja wa ardhi, ambako milima ya Chyulu inaonekana yote kwa mara moja. Alikuwa ameiona zamani akiendesha lori lililoharibika, akakaa hapo siku nzima akisubiri fundi, na alisema ndiyo siku pekee aliyofurahia kuharibikiwa. Akaniachia mimi nimalizie.

Nilikwenda kukipima kipande hicho mwezi wa nane, kiangazi, pamoja na Kioko, dereva wetu. Kilomita chache baada ya Kathonzweni waya wa spidomita ukakatika na mita ikasimama. Kazi sahihi ilikuwa kugeuza gari, kutengeneza, kuanza upya kesho yake. Lakini kesho yake ilikuwa harusi ya binamu yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimekabidhiwa biriani. Nikamwambia Kioko twende hivyo hivyo. Njia ya kupanda mgongoni tuliipata penye duka moja lililosimama peke yake, limepakwa rangi ya kijani kuta zote. Nyuma yake kidogo tulikuwa tumepita duka jingine, la matofali matupu, nalo lina kijia cha kushoto kinachoteremka mtoni. Pale penye duka la kijani hapakuwa na daraja, hapakuwa na kanisa, hapakuwa na hata jiwe la maana. Nikaandika: "Duka la kijani. Pinda kushoto." Safu ya kilomita nikaiacha wazi, nikajiambia nitarudi.

Sikurudi. Nilipoipiga taipu karatasi ile niliweka kistari mahali pa kilomita, kistari kizuri kilichonyooka. Mzee aliponitaka nimsomee njia nzima, nilimsomea mpaka Kathonzweni, kisha nikamwambia mbele ya hapo ni rahisi, hana haja ya kujichosha. Hayo ndiyo makosa yangu, na nimeyaandika kwa mpangilio ili msije mkasema nimeruka lolote.

Mwezi wa kumi na moja Mzee akatuma ujumbe kwamba anataka awe mtu wa kwanza kuisafiri njia yake, yeye na mkewe, Mama Mbithe. Mwenye kuendesha angekuwa Musyoka, mume wa binti yao Mbithe, mwalimu mpole mwenye gari dogo jeupe. Sasa hapa lazima nieleze jambo kwa wale mliotoka mbali. Wakamba wana nthoni, ile heshima na haya kati ya mkwe na mama mkwe wake. Mkwe hakai karibu naye, hamgusi, na zaidi ya yote habishani naye. Watu wa kanisa siku hizi husema wameyaacha mambo hayo, lakini siku ile ya safari Mzee alikaa mbele na Mama Mbithe akakaa nyuma peke yake. Na kwa kuwa Mzee haoni, karatasi akapewa Mama Mbithe asome. Niliwapa bahasha ya khaki mwenyewe, mlangoni kwao, alfajiri. Mzee aliipapasa kwa vidole kama anasoma. Nikawatakia safari njema nikaenda kazini.

Saa tatu hivi wakaingia ofisini vijana wawili wenye ovaroli zilizotapakaa rangi. Walikuwa wanapakia kampuni moja ya sabuni matangazo kwenye kuta za maduka, bila malipo kwa mwenye duka, mradi akubali kuta zake zote ziwe za rangi ya sabuni. Walitaka na ukuta wetu wa nje. Nilikuwa nawatoa kwa adabu wakati mmoja aliposema kwa kujivunia kwamba wametoka kuimaliza barabara yote ya Kathonzweni. Nikaitazama ovaroli yake. Ilikuwa imejaa kijani.

"Mmepaka maduka yote?" nikamuuliza.

"Yote, mama."

"Hata lile la matofali, la peke yake, mbele ya Kathonzweni?"

"Hiyo ndio ilikuwa ya kwanza. Matofali inakunywa rangi sana, tulimaliza mikebe mitatu."

Nilivuta nakala ya karatasi yangu kwenye faili. Gari likitoka Kathonzweni, duka la kwanza la kijani kukutana nalo sasa lilikuwa lile la kijia cha mtoni. Na sikuwa nimeandika kilomita ya kuwazuia.

Kwa asiyejua mito ya kwetu, nieleze. Ni mito ya mchanga. Miezi mingi ni mikavu, mipana, watu huchimba visima humo na ng'ombe hupita. Maji yake hayatoki pale ulipo, yanatoka vilimani, mbali, na yanaweza kukufikia jua likiwa linakuchoma kichwani. Mwezi wa kumi na moja ni mwezi wa mvua. Nilipiga simu kituo cha mafuta cha Wote, maana karatasi yangu iliwaagiza wajaze tangi hapo. Aliyepokea akasema gari jeupe lenye wazee limejaza na limeondoka, halina hata robo saa. Nikamwambia atume mtu alifuate. Akasema hana mtu wala gari. Nikamuuliza mvua. Akasema hapo Wote hakuna hata tone, ila upande wa vilima vya Nzaui kumekuwa kweusi tangu asubuhi.

Wakati ule ni watu wachache mjini waliokuwa na simu za mkononi, na huko maporini hata ungekuwa nayo ingekusaidia kwa tochi tu. Nilimwita Kioko akatoka chini ya gari alilokuwa akilitengeneza, na kabla hajafuta mikono tulikuwa tumetoka getini na Land Rover ya ofisi.

Safari ile siwezi kuisimulia vizuri kwa sababu nilikuwa nikisoma nakala ya karatasi yangu njia nzima. Kila daraja lilitokea kwa kilomita yake. Kila mlima ulikuwa mahali pake. Nilizidi kuogopa. Mtu aliyeongozwa sawasawa kilomita zaidi ya mia moja ana sababu gani ya kutilia shaka mstari unaofuata? Kulikuwa na tumaini moja. Baada ya Wote nilikuwa nimeandika wasimame nusu saa kwenye kilima fulani, wateremke, watazame bonde. Watu wengi huwa hawasimami nusu saa nzima, hupiga picha wakaondoka. Nikaomba Mungu Mama Mbithe awe mtu wa kufuata maandishi neno kwa neno pale kilimani, na akifika dukani awe mkaidi. Kioko aliniambia nipunguze kuomba kwa sauti, nilikuwa nikimkanganya kwenye kona.

Mji wa Wote tuliupita bila kusimama. Kilimani hapakuwa na mtu, ila kwenye majani kulikuwa na maganda mabichi ya machungwa. Walikuwa wamesimama. Pale Kathonzweni, mwenye kibanda cha mboga alisema gari jeupe limepita kitambo. Upande wa kulia, juu ya Nzaui, mbingu ilikuwa nyeusi mpaka chini, na sisi tulikuwa kwenye jua kali na vumbi.

Duka la matofali nililiona kwa mbali. Lilikuwa la kijani. Lilikuwa la kijani kushinda lile lenyewe. Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa ameketi nje akichambua pojo. Nikamuuliza kutoka dirishani hata bila salamu, jambo ambalo mama yangu angenizabia kofi. Akasema ndiyo, wamepita, mama mmoja alitoa kichwa akamuuliza kama hili ndilo duka la kijani. Naye akamjibu ndilo, si analiona. Nikamuuliza kama wamerudi. Akatikisa kichwa, halafu akasimama na ungo wake akatazama upande wa vilima, na sikutaka aseme neno zaidi.

Kijia kile kilikuwa cha ng'ombe. Miiba ilikwaruza pande zote mbili, na magurudumu ya gari dogo yalikuwa yameacha alama wazi kabisa. Tuliteremka labda dakika kumi. Mto ulipofunguka mbele yetu niliwaona. Gari lilikuwa limezama kwenye mchanga katikati kabisa, mpaka chini ya milango. Musyoka alikuwa amevua shati anachimba kwa sahani. Mama Mbithe, na gauni lake la safari, alikuwa anatandika matawi mbele ya gurudumu. Mzee alikuwa ndani, kwenye kiti chake cha mbele, mikono magotini, ametulia kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Jua lilikuwa linawaka. Mchanga ulikuwa mkavu. Nilishukuru Mungu, nikaanza hata kucheka.

Kioko hakucheka. Yeye amezaliwa kando ya mto kama ule. Alizima injini akainua kidole, na mimi nikasikia upepo wa baridi umetupiga kutoka upande wa juu, wenye harufu ya udongo uliolowa. Kisha sauti. Mwanzoni niliidhania ni lori. Hakuna barabara ya malori kule.

Tukakimbia. Kukimbia kwenye mchanga ule ni kama ndotoni, unajitahidi na hufiki. Kioko alifungua mlango, akamgeuzia Mzee mgongo, akamwita baba kwa Kikamba, "Asa, shika shingo," akamtoa. Mzee hakuuliza swali. Mimi nilipiga kelele kwa wale wengine wakimbie ng'ambo ile tuliyotoka, na Musyoka akakimbia, halafu akageuka. Mama Mbithe alikuwa na nyonga mbovu. Alipiga hatua nne akaanguka, akajaribu kuinuka, akaanguka tena. Musyoka akarudi mpaka pale alipo na akasimama juu yake, mikono ameinyoosha mbele, haimgusi. Mimi nilikuwa mbali nao na sasa nilikuwa nimeyaona maji kwenye kona. Hayakuwa marefu. Yalifika kiunoni labda, ya rangi ya chai, na mbele yake yamesukuma povu na vijiti na shina zima la mti.

"Mbebe!" nikamwambia.

"Ni mama mkwe," akasema. Alikuwa analia.

"Mbebe, Musyoka! Mbuzi wa kuomba msamaha utamtoa ukiwa hai!"

Ni Mama Mbithe aliyemaliza maneno. Alimwinulia mkwe wake mikono yote miwili, kama mtoto anavyotaka kupakatwa. Musyoka akamnyanyua. Sijui alipata wapi nguvu, maana ni mwanamume mwembamba na mama yule hakuwa mwembamba. Maji yalimpata magotini akiwa hatua chache kutoka ukingoni, akayumba, mimi na Kioko, aliyekwisha kumweka Mzee ukingoni, tukamshika mkono tukawavuta wote wawili mpaka juu kwenye nyasi. Nyuma yetu gari jeupe liligeuka taratibu, likatazama upande yanakokwenda maji, likaondoka. Taa moja ilibaki inaonekana kwa muda. Kisha haikuonekana.

Mmekuwa mkiniita Bi Zuhura Kilomita nyuma ya mgongo wangu, na mlifikiri sisikii. Mlinung'unika nilipokataa kuidhinisha karatasi yenye nafasi wazi, nilipowarudisha kuipima upya njia nzima ya Yatta kwa ajili ya mstari mmoja, nilipofuta "geti jekundu" na "hoteli ya bluu" kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Sasa mnajua. Musyoka aliniambia baadaye kwamba aliona mapema sana ile si njia ya magari. Aliona nyayo za ng'ombe tu, akataka kusema. Lakini Mama alikuwa ameshasoma pinda kushoto, na yeye ni nani wa kumwambia mama mkwe wake amesoma vibaya? Aliporudi nyumbani alitoa mbuzi kweli, Mama Mbithe akampokea, na mambo kati yao yakaisha vizuri kuliko yalivyokuwa mwanzo. Hayo yote niliyaandika kwenye ripoti yangu, pamoja na kosa langu, na ofisi ikanionya, na ikawa imekwisha.

Lakini kuna mazungumzo mafupi ambayo sikuyaweka kwenye ripoti, na ndiyo niliyokuwa nikiyakumbuka kila nilipowapigia makelele.

Tulikuwa tumekaa ukingoni, watu watano, tumelowa. Mzee alikuwa amekaa kando kidogo, uso ameuelekeza kwenye mngurumo wa maji. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia, Mzee, ni mimi. Waya ulikatika, sikurudi kupima, niliandika rangi. Nikamwambia na ile siku nilipomsomea nikaishia Kathonzweni.

"Najua," akasema. "Mama Mbithe aliposoma duka la kijani, na kilomita hakuna, nilijua saa hiyo hiyo."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamuuliza kama alijua, mbona hakuwasimamisha? Gari lilikuwa bado barabarani. Neno moja tu lingetosha.

Alinigeuzia uso. Kisha akasema, polepole, kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie, ingawa alisikia:

"Tangu Katumani nilikuwa nawaambia hii karatasi imeandikwa na mtu hakosei. Kila daraja likitokea mahali umesema, nawaambia, mnaona? Huyo ni mimi nilimfundisha. Nimekusifu kilomita mia moja, Zuhura. Nikashindwa kuanza kusema umekosea."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hata kofi ningelipokea. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa, na nililia pale mbele ya wote, mwanamke mzima, kwa sauti. Mzee akanyoosha mkono kutafuta kichwa changu, akakikosa, akatafuta tena hewani, akapata bega. Akauacha mkono hapo mpaka maji yalipoanza kupungua.